Shamba limekataa kuniandikia barua ya majukumu. Nitathibitishaje tajriba yangu kwa viza ya kazi ya Ujerumani?

SWALI

Habari mshauri. Mimi ni fundi wa majokofu na vyumba baridi, naishi Nyamasaria, Kisumu. Nina diploma ya KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, ya mwaka 2017. Nilianza kazi mapema 2018 katika karakana ya mzee mmoja hapa Kisumu, lakini mzee alifariki katikati ya 2020 na karakana ikafungwa. Septemba 2020 nikaajiriwa na shamba la maua Naivasha, nikakaa huko hadi mwisho wa Machi 2024. Tangu hapo najitegemea: natengeneza friza za wauza samaki, bucha na maduka makubwa. Sasa nimepata kampuni Ujerumani iliyo tayari kuniajiri, nao wanataka nithibitishe tajriba yangu yote. Shamba lilinipa cheti cha mistari minne tu. Nikiomba barua yenye majukumu, ofisi ya wafanyakazi inanijibu, "Sisi hatuandiki barua za aina hiyo." Kuna wakala ameniambia nimpe shilingi 15,000 anitengenezee barua tatu zenye mihuri. Nifanyeje? Na mdogo wangu anaunda programu za kompyuta lakini hana diploma. Yeye ana njia?

JIBU

Ndugu yangu, umejitwika mzigo ambao hakuna aliyekutwika. Unahangaika kuthibitisha kila mwaka tangu 2018, na hakuna afisa wa viza atakayekuuliza yote hayo.

Njia inayokufaa ni ile ambayo Ujerumani iliifungua tarehe 1 Machi 2024 kwa wafanyakazi wenye tajriba ya vitendo, hata kama mafunzo yao hayajapitishwa kwenye ule mchakato mrefu wa kulinganishwa na mafunzo ya Kijerumani. Uwe na mafunzo ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea. Uwe umefanya kazi ya fani hiyo kwa angalau miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita. Na mshahara utakaolipwa ufikie kiwango kinachopangwa kila mwaka: kwa 2025 kilikuwa yuro 43,470 kwa mwaka, na kwa 2026 ni yuro 45,630. Fundi wa majokofu aliyeajiriwa hayumo kwenye kundi la taaluma zinazodhibitiwa, kama uuguzi, kwa hiyo sheria hiyo inakuhusu.

Sasa chukua kalenda. Shambani ulikaa kuanzia Septemba 2020 hadi Machi 2024, yaani miezi 43. Unachohitaji ni 24 tu kati ya hiyo, mradi iwe ndani ya miaka 5 kabla ya siku utakayowasilisha ombi. Kwa hiyo Naivasha peke yake inakutosha, tena kwa ziada. Karakana ya mzee huihitaji, na kazi yako ya sasa si ya kubeba ombi.

Ila ujue hesabu hii haitulii. Kila mwezi unaopita, mwezi mmoja wa mwanzo unatoka nje ya ile miaka 5. Ukiwasilisha ombi mwishoni mwa Machi 2027, utahesabiwa Aprili 2022 hadi Machi 2024, yaani miezi 24 kamili bila hata wiki ya kupumulia. Ukichelewa hadi Mei, umepungukiwa, na itabidi uanze kutetea kazi yako ya kujitegemea, ambayo kuithibitisha ni ngumu mara tatu. Nimeona watu wazuri wakikaa mwaka mzima wakitafuta barua ya kazi ya zamani wasiyoihitaji, huku ile iliyokuwa inawafaa ikiendelea kuchakaa.

Karakana usiifute kwenye wasifu wako. Iandike kwa ukweli, mwezi na mwaka, na kando yake neno moja: ilifungwa baada ya mwenyewe kufariki. Usiende kumsumbua mjane wa mzee akutilie sahihi, na usimlipe wakili akuandikie hati ya kiapo kuhusu miaka hiyo. Sisi Wakenya tunaziamini sana hati za kiapo. Kila tatizo tunakimbilia kwa kamishna wa viapo. Ukiangalia kwa jicho la afisa wa viza, hati ya kiapo ni wewe mwenyewe ukisema jambo lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Kanada wamelisema waziwazi katika masharti yao: mtu aliyejiajiri hawezi kuthibitisha tajriba yake kwa hati ya kiapo wala kwa maelezo aliyojiandikia.

Turudi shambani. Ofisi ya wafanyakazi haijakosea kisheria, na hapa ndipo wengi hugombana bure. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama hakumaliza wiki 4 mfululizo. Cheti hicho kinatakiwa kiwe na jina na anwani ya mwajiri, jina lako, tarehe uliyoanza, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia, na tarehe uliyoacha. Basi. Hakuna majukumu, hakuna saa za kazi, hakuna mshahara. Mistari minne uliyopewa inatosha. Kifungu hichohicho kinaendelea kusema kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya kukusifu wala ya kueleza utendaji wako. Angekunyima cheti chenyewe makusudi, hilo lingekuwa kosa lenye faini ya hadi shilingi 100,000, kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Lakini ukienda ofisi ya leba kulalamika kwamba wamekataa kuandika majukumu, afisa atakusikiliza kwa heshima kisha atakurudisha Nyamasaria.

Sasa fungua sheria hiyohiyo, kurasa za mbele kidogo. Kifungu cha 10 kinasema mkataba wa kazi wa maandishi uwe na maelezo ya kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Tena kinamtaka mwajiri ayatunze maelezo hayo kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha. Wewe uliondoka Machi 2024, kwa hiyo shamba linapaswa kuwa nayo hadi Machi 2029. Kifungu cha 20 nacho kinamtaka akupe taarifa ya maandishi ya mshahara, ikionyesha malipo na makato.

Umeona ilivyo? Cheti kinatoa tarehe, mkataba unatoa majukumu na saa, karatasi za mshahara zinatoa pesa. Kila kitu ambacho ungetaka kiandikwe kwenye ile barua kimo tayari katika karatasi ambazo shamba linadaiwa na sheria. Barua ni hisani. Faili lako ni haki yako. Umekuwa ukibisha mlango wa hisani tu.

Kwa hiyo acha kuomba barua kwa sasa. Omba faili. Kuna sheria nyingine itakayokusaidia, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo katika kifungu cha 26 inampa kila mtu haki ya kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na kampuni au ofisi. Mkataba wako ni taarifa yako. Andika barua pepe fupi kwa ofisi ya wafanyakazi, na nakala kwa meneja mkuu:

"Nilikuwa fundi wenu wa majokofu, nambari ya mfanyakazi fulani, kuanzia Septemba 2020 hadi Machi 2024. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba nakala za mkataba wangu wa kazi pamoja na maelezo ya kazi, barua zozote za kubadilishiwa cheo au mshahara, karatasi za mshahara za kipindi chote, fomu za kodi za P9 za kila mwaka, na vyeti vya mafunzo niliyopewa nikiwa kazini. Nitashukuru kuzipata kwa barua pepe hii."

Hapo husemi Ujerumani. Si siri, lakini haiwahusu, na mameneja wengine wakisikia neno viza huanza kuogopa kwamba watapigiwa simu na ubalozi waulizwe mambo ya kodi. Usitishe kushtaki pia. Kutaja kifungu cha sheria kwa adabu kunatosha kumfanya karani aipeleke barua pepe kwa anayeelewa. Wakinyamaza kabisa, malalamiko hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na unaweza kuyawasilisha kwa mtandao bila wakili. Mara nyingi hayafiki huko.

Faili likishapatikana, ndipo unarudi kuomba barua. Safari hii huendi mikono mitupu, unakwenda na rasimu. Mtu wa ofisi ya wafanyakazi aliyesema "hatuandiki barua za aina hiyo" mara nyingi alimaanisha: sijui majukumu yako, sina muda wa kuyatafuta, na sitaki kutia sahihi nisichokijua. Ukimpa ukurasa mmoja, na kando yake mkataba wao wenyewe unaosema maneno hayohayo, kazi yake imebaki kusoma na kupiga muhuri.

Rasimu hiyo uipangeje? Ushauri wangu, ingawa unakwenda Ujerumani, ni uandike kwa kipimo cha Kanada. Kanada ndiyo nchi iliyoeleza kwa undani zaidi inataka kuona nini kwenye barua ya kazi, na barua inayotosha kwao hutosha karibu kila mahali. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, na anwani, simu na barua pepe ya kampuni. Itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Itaje cheo au vyeo vyote ulivyoshika na tarehe za kila kimoja, majukumu, saa za kazi kwa wiki, na mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu. Chini yake jina, cheo na sahihi ya msimamizi wako au afisa wa wafanyakazi.

Sehemu ya majukumu ndiyo inayowashinda watu. Barua zetu nyingi hujaa sifa: mchapakazi, mnyenyekevu, mcha Mungu, anafika kazini mapema. Ni sifa njema za kusomwa kanisani. Afisa anayesoma faili lako anataka kujua mikono yako ilifanya nini. Linganisha:

"Alikuwa fundi wa majokofu na alitekeleza kazi zote alizopewa kwa bidii na uaminifu."

Na hii:

"Alihudumia na kukarabati vyumba baridi vya kuhifadhi waridi katika nyuzi 2 hadi 4. Alitafuta na kuziba uvujaji wa gesi, akabadilisha kompresa na vali, akachomelea mabomba ya shaba, na kujaza gesi kwa kupima shinikizo. Alisoma michoro ya umeme na kurekebisha paneli za udhibiti. Aliweka rekodi ya joto ya kila siku na ratiba ya matengenezo ya kila mwezi. Alishika zamu ya dharura usiku wakati wa msimu wa Valentine."

Ya pili haina sifa hata moja, na ndiyo inayokupa kazi. Barua yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, lakini uzito ni uleule. Kama hukuwahi kugusa paneli ya umeme, toa sentensi hiyo. Kama kulikuwa na kazi nyingine, iongeze. Na usinakili maelezo ya kazi ya fundi wa Kijerumani kutoka kwenye intaneti. Ombi lako litapitia Wakala wa Ajira wa serikali yao, Bundesagentur für Arbeit, na mwajiri wako wa kule atakuwa amejaza fomu inayoeleza kazi atakayokupa. Watataka kuona uhusiano kati ya ulichofanya Naivasha na utakachofanya kwao. Uhusiano, si neno kwa neno. Barua ya shamba la maua inayotumia lugha ya kiwanda cha Stuttgart inajishtaki yenyewe.

Nani atie sahihi? Ukiweza, mkuu wa mitambo aliyekusimamia, na ofisi ya wafanyakazi ipige muhuri. Yeye anajua vali ni nini. Akiulizwa kwa simu atajibu. Kama alishahama, anaweza kukuandikia barua kama mtu binafsi, akieleza alikuwa nani kwako na sasa yuko wapi, lakini hiyo ni nyongeza tu na haishiki nafasi ya barua ya kampuni. Ikiwa shamba litakataa hata rasimu, usife moyo. Weka cheti, mkataba wenye maelezo ya kazi, karatasi za mshahara na barua ya msimamizi wa zamani pamoja, na juu yake ukurasa wako mmoja unaosema: mwajiri hutoa cheti cha utumishi pekee, majukumu yangu yako kwenye ukurasa fulani wa mkataba, na hii ni barua pepe niliyoombea barua nikakataliwa. Afisa anaelewa kukataliwa. Asichokielewa ni kimya.

Simu kwenye barua iwe ya ofisi. Namba ya mkononi ya bosi na anwani ya Gmail huleta maswali hata barua ikiwa halali. Na mwambie aliyetia sahihi kwamba anaweza kupigiwa. Nimeona ombi likikwama kwa sababu dada wa mapokezi alijibu, kwa uaminifu kabisa, kwamba hamjui huyo mtu, maana yeye aliajiriwa majuzi.

Baada ya hapo zinakuja karatasi za pesa, na mimi nazipenda kuliko barua, kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili ya viza. Ingia kwenye akaunti yako ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, utoe taarifa ya michango. Inaonyesha jina la mwajiri na kila mwezi uliochangiwa. Ichunguze kwa makini. Hadi Januari 2023 utaona shilingi 400 kwa mwezi, yaani 200 zako na 200 za mwajiri. Kuanzia Februari 2023 viwango vipya vilipoanza, kiasi kinaruka hadi 2,160 kwa mwezi kwa mtu wa mshahara wa 18,000 na zaidi, na Februari 2024 kinapanda tena, ikiwa shamba halikuwa na mfuko wake wa pensheni uliochukua sehemu ya mchango. Taarifa yenye mruko huo mahali pake inaonekana ya kweli kwa yeyote anayeijua Kenya.

Tafuta kutolingana kabla afisa hajakutafutia. Tuseme cheti kinasema Septemba 2020 lakini mchango wa kwanza wa NSSF ni wa Novemba. Pengine walikusubirisha miezi ya majaribio. Basi barua iseme hivyo: aliajiriwa Septemba, kipindi cha majaribio kilikwisha Oktoba. Kwa hesabu yako miezi hiyo miwili si kitu, ila mwanya usioelezwa humfanya msomaji aanze kutilia shaka na mingine. Tuseme kuna miezi ambayo shamba lilikata lakini halikupeleka. Karatasi ya mshahara itaonyesha makato, taarifa ya benki itaonyesha mshahara ulioingia, na mbili hizo zinatosha kuziba pengo la NSSF. Au barua inataja mshahara wa msingi wa 45,000 na P9 inaonyesha zaidi, kwa sababu ya saa za ziada za Februari: sentensi moja ya maelezo inamaliza. Ulilipwa kwa benki au kwa M-Pesa? Toa taarifa rasmi ya kipindi chote, si picha ya simu, kisha uweke alama kwenye mistari ya mshahara ili mtu asihangaike kuitafuta katikati ya manunuzi yako ya umeme.

Kuhusu wakala wako wa 15,000. Najua hali ilivyo. Watu wetu wamezoea kwamba kitu kisichopatikana ofisini kinapatikana River Road, ule mtaa wa Nairobi unaosifika kwa hati bandia. Lakini wewe una tajriba ya kweli ya miezi 43! Kwa nini ununue ya uongo? Barua tatu zenye mihuri hazitakuwa na mkataba nyuma yake, wala NSSF, wala mtu wa kujibu simu. Zikigunduliwa, zinaharibu na ile ya shamba iliyo halali. Hapa nyumbani kughushi hati ni kosa ambalo adhabu yake ya jumla chini ya Kanuni ya Adhabu hufika miaka 3 jela, na kwa Wajerumani kutoa maelezo ya uongo ili upate kibali ni kosa la jinai chini ya sheria yao ya ukaaji. Kanada humfungia mlango kwa miaka 5 mtu aliyedanganya kwenye ombi. Kama anajiita wakala wa ajira, muulize nambari yake ya usajili katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Swali hilo tu hukata mazungumzo mengi.

Huenda pia amekuambia kwamba tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa wafanyakazi mjini Berlin, tarehe 13 Septemba 2024, mambo yamelegezwa. Uvumi wa nafasi 250,000 ulienea sana wakati huo, na wizara yao ya mambo ya ndani ikaukanusha. Mkataba ule haukumwondolea mtu sharti la karatasi.

Kazi yako ya sasa bado ina nafasi yake kwenye faili, ya kuonyesha kwamba tangu Machi 2024 hujaacha fani. Usipoionyesha, afisa ataona mtu aliyeacha kazi na kupotea. Weka cheti cha usajili wa jina la biashara ikiwa umesajili, kibali cha biashara cha kaunti, na ankara. Ankara za kielektroniki za eTIMS zina nguvu kwa kuwa zinasajiliwa KRA, mamlaka ya kodi, siku zinapotolewa. Huwezi kurudi nyuma ukazitunga. Maduka makubwa hutoa LPO, yaani hati ya kuagiza kazi, kabla ya kazi, kwa hiyo tafuta nakala zake. Kwa wauza samaki wa Dunga na bucha za Kibuye, ambao hulipa kwa simu na hawajui LPO ni nini, taarifa ya till yako, ile namba ya biashara ya kupokea malipo ya simu, itasaidia, pamoja na barua fupi kutoka kwa wateja wawili watatu wa kudumu: umetutengenezea nini, tangu lini, tulikulipa kiasi gani. Kama ulikuwa unapokea kwa namba yako ya kawaida, pesa za kazi zimechanganyika na za shangazi na za chama, na hapo kazi ya kuzitenganisha ni yako. Anza leo kutumia till.

Diploma nayo isikusahaulishe. Ujerumani itataka uthibitisho kwamba mafunzo yako yanatambuliwa na serikali ya Kenya, na kwa njia hii ya tajriba uthibitisho huo hutolewa kidijitali na ofisi inayoitwa ZAB, iliyoko Bonn. Unawapelekea cheti cha KNEC na matokeo ya kila hatua, yanayoonyesha muda wa masomo. Kama jina kwenye diploma ni tofauti na la pasipoti, hata kwa herufi moja, lisuluhishe kabla ya kutuma chochote. Cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kama unacho, kiambatanishe. Kinaonyesha ujuzi, ila hakijazi nafasi ya mafunzo ya miaka 2.

Mdogo wako. Kwa fani ya teknolojia ya habari, na hiyo peke yake, njia hii haidai diploma: anahitaji miaka 2 ya kazi hiyo ndani ya 5 iliyopita na mshahara uliofika kiwango. Kuna pia Kadi ya Buluu ya Ulaya, ambayo kwa wataalamu wa teknolojia ya habari wasio na shahada inataka miaka 3 ya tajriba ndani ya 7, tena ya kiwango kinacholingana na cha mtu aliyesoma chuo kikuu. Shida yake itakuwa kubwa kuliko yako, kwa sababu tajriba ndiyo kila kitu alicho nacho. Akusanye mikataba yake na wateja, ankara, na taarifa za malipo hata kama ni za mitandao ya kazi na malipo kama Upwork au Payoneer, na barua za wateja zinazotaja aliunda programu gani na kwa muda gani. Kazi zake zilizo GitHub, tovuti ambako waunda programu huweka kazi zao, ziwekwe kama kiambatisho, maana zinaonyesha anajua, ila hazionyeshi kwamba aliajiriwa au alilipwa. Akiwa na mikataba na malipo ya miezi 24, aniandikie tuipange. Akiwa na GitHub pekee, bado.